Kupiga hema karibu na maporomoko ya Isiukhu wakati wa vuli

Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba, mvua ya msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huja kwa saa zake. Asubuhi anga ni safi, majani yamelowa umande, mbega wanaunguruma juu mitini. Ikifika saa saba mchana, mawingu yameanza kurundikana upande wa Nandi. Saa tisa utaisikia mvua kabla hujaiona, inagonga majani kule mbali na kusogea, mpaka inakufikia ulipo. Upepo unaotoka Ziwa Victoria mchana hukutana na ule wa mashariki pale kwenye miinuko ya Nandi, hewa yenye unyevu ikapanda juu na kupoa, na mzigo wake wote ukamwagika.

Nimelala msituni humo vuli baada ya vuli, na mafunzo yangu yote yamerudi kwenye jambo moja: asubuhi tembea, alasiri uwe umeshatulia penye ukavu. Yote nitakayokueleza hapa yanafuata mpango huo.

Kwanza, neno vuli lisikupotoshe. Ukisoma habari za Ulaya utaambiwa ni majira ya majani kugeuka njano na kudondoka. Kakamega hakuna jambo hilo. Msitu unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na unabaki kijani Januari hadi Desemba. Vuli yetu ni zile mvua fupi, nyepesi kuliko masika ya Aprili na Mei. Mto una maji ya kutosha na njia bado zinapitika. Kwangu mimi hakuna wakati mzuri kuliko huo wa kuona maporomoko.

1. Chagua kambi kabla ya kuchagua hema

Watu wa Nakuru huniuliza kwa nini nisiende Makalia, kule kusini mwa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Nimefika, na kambi yake karibu na maporomoko inapendeza. Ila hifadhi ile ina simba, nyati na vifaru. Unaingia kwa gari, unakaa kambini, na kutembea ovyo porini hairuhusiwi. Anayetaka kutembea kwa miguu peke yake na kimya, Kakamega ndiyo mahali pake. Humu hakuna simba wala tembo wala nyati.

Msitu una pande mbili, na wengi hukosea hapo. Kusini, eneo la Isecheno karibu na Shinyalu, husimamiwa na Shirika la Misitu, KFS. Kaskazini, eneo la Buyangu, ni Hifadhi ya Taifa ya Kakamega iliyotengwa mwaka 1985 na iko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Mto Isiukhu na maporomoko yake yako upande huu wa kaskazini. Ndani ya lango la Buyangu kuna uwanja wa kambi na vibanda vya nyasi vinavyoitwa Udo. Lala hapo. Usiwaze kulala penye maporomoko yenyewe. Sababu nitakupa mbele.

Mwenye mtoto mdogo au mzazi mzee achukue kibanda badala ya hema. Mvua ya vuli haina huruma kwa mtu aliyelala chini.

2. Lipa ungali na mtandao

Ada za KWS hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni. Langoni hawapokei pesa taslimu. Lipia nyumbani au mjini Kakamega, hifadhi risiti kwenye simu, na ikiwezekana iandike namba yake kwenye karatasi, kwa sababu simu ikizima chaji langoni utasimama na mzigo mgongoni ukitazama mawingu.

Chagua siku za katikati ya wiki. Wikendi shule na makundi ya makanisa huja, na ni haki yao, lakini kama ulifuata utulivu, Jumanne na Jumatano ndizo siku zenyewe.

3. Mzigo

Msitu uko mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa vuli baridi inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 12, na ukiwa umelowa, nyuzi 12 zinatetemesha. Kwa hiyo:

- Hema lenye paa la nje linalofika karibu na ardhi. Yale mahema mepesi yenye kifuniko kidogo cha juu tu, waachie watu wa kiangazi.
- Turubai moja la ziada na kamba mita 15 hivi. Hili ndilo jiko lako, sebule yako na mahali pa kuvulia gambuti.
- Gambuti za mpira za kukaa kambini, na viatu vyenye meno ya kutembelea msituni.
- Nguo za kulalia ambazo hazitoki ndani ya hema kamwe. Ukizivaa nje mara moja, umepoteza nguo kavu za safari nzima.
- Chandarua kilichotiwa dawa, na dawa ya kujipaka. Magharibi mwa Kenya ni eneo la malaria mwaka mzima, na mvua huongeza mbu. Jioni ikiingia, vaa mikono mirefu.
- Tochi ya kichwani na betri za akiba.
- Jiko dogo la gesi. Kuokota kuni ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, kuni za vuli zimelowa hadi kiini.
- Ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko unaobana.

Hiyo ndoo ndicho kitu ninachokisisitiza kuliko vyote, na sijaiona kwenye orodha ya mtu mwingine. Njiani inabeba chakula bila kupondeka. Kambini inakuwa kabati ambalo kima hawafungui, siafu hawapenyi na mvua haiingii. Ikigeuzwa inakuwa kiti.

Usibebe maji ya chupa za plastiki za kutupwa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fuo za Kenya. Chukua chupa ngumu ya kujaza tena, angalau lita 2 kwa kila mtu.

4. Fika kabla ya saa sita

Kutoka Kisumu hadi Kakamega mjini ni kama kilomita 50 kwa barabara ya Mbale na Chavakali, na matatu ni nyingi. Ondoka Kisumu saa moja asubuhi. Ukifika Kakamega nunua vitu vya mwisho sokoni: nyanya, vitunguu, sukuma, ndizi. Nunua pia mukombero, ile mizizi ya kutafuna, utamu wake unaokuja polepole unafaa kwa matembezi. Ununue sokoni, usiuchimbe hifadhini. Umeshachimbwa mno.

Kisha panda matatu ya kuelekea Webuye au Kitale. Mwambie kondakta akushushe njia panda ya Buyangu, kama kilomita 18 kaskazini mwa mji. Hapo kuna kibao. Kutoka barabarani hadi langoni ni kilomita 2 hivi, kwa boda au kwa miguu. Mimi hutembea. Katika zile kilomita mbili mashamba ya mahindi yanaishia, hewa inabadilika, na ghafla uko chini ya miti ambayo jamaa zake wako Kongo. Kakamega ni mabaki ya upande wa mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Afrika ya kati, na ngozi inalihisi hilo kabla jicho halijaona.

Ukichelewa mpaka saa nane, lala mjini uingie kesho yake asubuhi. Kupiga hema ndani ya mvua ya Kakamega ni kulilowesha kabla hujalilalia.

5. Kupiga hema

Hapa usiharakishe. Umefika mapema ili upate saa nzima ya kazi hii.

Anza kwa kutazama juu. Tafuta tawi kavu, tawi lililovunjika likanasa, au mti ulioegemea mwenzake. Mvua ya vuli huyajaza maji matawi yaliyooza yakawa mazito, na mengi huanguka bila upepo wowote. Kama juu ya kichwa chako kuna tawi lisilo na majani, hama.

Tazama chini. Usikimbilie palipo tambarare kabisa wala palipobonyea kidogo kama sahani, hata pakiwa na nyasi laini. Saa kumi jioni pale patakuwa dimbwi. Chagua mwinamo mdogo sana, ulale kichwa kikiwa juu. Chunguza udongo kama una mistari ya sisimizi au siafu, au mashimo.

Tandika turubai la chini, kisha likunje kingo zote ziingie chini ya hema. Kosa hili naliona kila msimu: turubai limetokeza nje kwa upana wa mkono, mvua inanyesha juu yake, maji yanatiririka ndani ya kitanda na mtu analaumu hema. Hakikisha hakuna hata ncha inayoonekana nje.

Vigingi vipigwe vikiwa vimelala kuelekea nje, kinyume na mvuto wa kamba. Udongo wa msitu ni laini, kwa hiyo tumia vigingi virefu, au weka jiwe juu ya kila kimoja. Kaza paa la nje mpaka lisiguse kitambaa cha ndani mahali popote. Likigusa, maji yatapenya hapo. Baada ya mvua ya kwanza rudi ukaze kamba tena, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea.

Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Babu zetu walifanya hivyo kwenye mashamba yao, lakini kambi inapokea watu mwaka mzima na kila mfereji unaanzisha mmomonyoko. Ukichagua mahali vizuri hutauhitaji.

Turubai la pili lifunge mbele ya mlango, upande mmoja ukiwa chini zaidi ili maji yatiririkie mbali na hema. Weka jiko hapo, lakini kamwe usipike ndani ya hema wala kuingiza jiko linalowaka ili upate joto. Hewa ya sumu ya moto haina harufu, na mtu hulala asiamke.

6. Kula na kunywa

Pika mapema, saa kumi au saa kumi na moja, mvua ikinyesha ukiwa chini ya turubai. Githeri iliyochemshwa nyumbani huhitaji kukaangwa tu kwa kitunguu na nyanya. Omena mkavu ni mwepesi kubeba na hauharibiki. Usiku wa kwanza nakula chapati nilizotoka nazo. Wa pili, ugali.

Maji ya mto wakati wa vuli ni ya rangi ya chai ya maziwa. Yachuje kwa kitambaa safi, yaache yatulie kwenye sufuria, mimina ya juu, kisha yachemshe hadi yatokote kwa nguvu angalau dakika moja. Hata ukitumia dawa ya kutibu maji, haifanyi kazi vizuri kwenye tope, ndiyo maana kuchuja kunatangulia.

Mabaki ya chakula na maganda ya ndizi yarudi kwenye ndoo. Kima akishazoea kulishwa kambini huwa jambazi, na mwishowe anayeumia ni yeye.

7. Usiku

Giza chini ya miti huingia mapema kuliko saa yako inavyosema. Saa kumi na mbili jioni uwe umeshajua tochi iko wapi.

Siafu ndio wageni wa kujiandaa nao. Mvua huwahamisha, na msafara wao ukipita juu ya hema hauzunguki. Mchana kuna dalili: ukisikia ndege wengi wadogo wakipiga kelele pamoja karibu na ardhi, mara nyingi wanafuata siafu ili wale wadudu wanaokurupushwa. Kumbuka wanaelekea wapi. Usiku chomeka suruali ndani ya soksi unapotoka kwenda chooni, mulika kila hatua, na zipu ya hema isiachwe wazi hata kidole. Majivu huwasumbua kidogo. Lakini msafara ukishaingia, toka, likokote hema zima mita 20 pembeni, na usipigane nao.

Kuhusu nyoka: msitu una swila wa msituni, na jamaa wa bafe wenye rangi za majani makavu kiasi kwamba unaweza kumkanyaga huku unamtazama. Hawakutafuti. Kung'uta viatu asubuhi, usitie mkono mahali usipopaona, na usivuke gogo kwa kuruka; panda juu yake kwanza utazame upande wa pili. Mtu akiumwa, mlaze, aache kusogeza kiungo kilichoumwa, mvue pete na saa, apelekwe hospitali ya rufaa mjini Kakamega mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza.

Mvua ikikatika, kumbikumbi hufuata taa. Wenyeji huwaita tsiswa na huwala kwa furaha, nami pia. Zima taa ya mlangoni uwashe nyingine mbali, watahamia huko.

8. Kwenda kwenye maporomoko

Amka saa kumi na moja na nusu. Mbega huanza kabla ya jua, mmoja akinguruma mlima huu na mwingine akimjibu kule. Kisha hondohondo wanaanza kuruka, na mabawa yao yanavuma kiasi kwamba mara ya kwanza utadhani kuna mashine. Kunywa chai, na saa moja uwe njiani.

Chukua mwongozaji langoni. Vijana na wazee wa hapa wanajua ndege kwa mlio na miti kwa jina la Kiluhya na la kisayansi pia, mutere, mwiritsa, na siku yako itakuwa na utajiri mara tatu. Kwenda na kurudi ni kama nusu siku kwa mwendo wa kutazama. Tazama juu mara kwa mara: kuna kima mwenye doa jeupe puani, na kuna ndege mkubwa wa samawati mwenye kishungi, anayekimbia juu ya matawi kana kwamba mabawa ni ya akiba.

Maporomoko ya Isiukhu ni madogo. Nakuambia mapema ili usiende ukitafuta ukuta wa maji. Ni mto unaojimwaga juu ya mawe katikati ya miti, na uzuri wake uko kwenye ule udogo: unakaa mita chache kutoka majini, huoni mtu, husikii gari.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Mwaka mmoja, nje ya hifadhi, mimi na binamu yangu tulipiga hema kando ya kijito, hatua kumi tu kutoka maji, kwa sababu sauti ilikuwa tamu. Kwetu haikunyesha hata tone. Usiku wa saa nne sauti ikabadilika, ikawa nzito, na ndani yake tukasikia mawe yakigongana. Binamu akanishika mkono akasema, "Ndugu, hayo si maji ya hapa." Tulitoka na blanketi moja. Asubuhi pale tulipolala palikuwa chini ya maji, na hema lilikuwa limenasa kwenye kichaka. Mvua ilikuwa imenyesha juu, maili nyingi mashariki, ikatufikia usiku.

Tangu siku hiyo nafuata haya, na sina mzaha nayo. Hema lisiwe karibu na mto kuliko hatua 80, na liwe juu, siyo mbali tu. Ukifika mtoni tafuta takataka zilizonasa kwenye vichaka, majani makavu na vijiti vilivyofungamana. Zinaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Chini ya mstari huo usikae hata kula chakula cha mchana. Weka jiwe ukingoni mwa maji unapofika. Jiwe likizama, au maji yakigeuka kutoka rangi ya chai ya maziwa hadi tope zito, au majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, panda juu mara hiyo hiyo, hata kama jua linawaka.

Usisimame juu ya mawe yaliyolowa kwa ajili ya picha. Yana ute wa kijani usioonekana. Usiogelee chini ya maporomoko wakati wa vuli. Maji ya tope yanaficha magogo.

Saa tano anza kurudi. Saa saba uwe kambini.

9. Radi

Magharibi yetu hupigwa na radi nyingi, na kila mwaka tunazika watu. Hema halikingi radi. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, ingia kwenye gari au nyumba imara na ukae hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukikutwa njiani, kaa mbali na mti mrefu uliosimama peke yake, mbali na kilele cha kilima cha Buyangu, toka majini, na kama mko wengi mtawanyike. Chuchumaa miguu ikiwa pamoja, usilale chini.

10. Kufunga kambi

Funga asubuhi, hata kama hema limelowa. Usisubiri likauke, kwa sababu saa saba itakukuta bado unasubiri. Likung'ute, likunje kwa ulegevu, lining'inie nje ya mkoba. Pita uwanja wote ukiokota hata kile ambacho si chako: vifuniko, kamba, maganda.

Ukifika nyumbani, jioni hiyo hiyo litandaze kwenye kamba ya nguo, paa la nje na la ndani kando kando, vigingi vioshwe tope. Hema likilala siku mbili likiwa limefungwa bichi, ukungu huingia kwenye mishono, na ukungu ukishaingia hautoki.